Vumbi la Kwenye Kenchi

Jumanne, 15 Julai 2025

Mboje tena! Asubuhi kaja dirishani kwangu stoo: mwangaluka, mama yako kule Tukuyu hajambo, mvua ya kwenu vipi, mahindi je. Salamu ikiwa ndefu hivyo, nyuma yake kuna jambo. Kumbe anataka mshumaa. Na kopo tupu la rangi, lenye mfuniko. Fundi wa kinu cha kusagia mashudu, mshumaa wa nini na umeme upo? Nikamwambia asaini. Akasema kitu kidogo hivyo hakisainiwi. Nimempa, lakini naandika hapa.

Mchana nikamwona juu kwenye kenchi za paa, na brashi na mfuko, anakwangua vumbi la mashudu. Limejaa huko, kweli, nene kama godoro. Lakini nani kamtuma?

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimempata. Ana ng'ombe arobaini kwao Lalago, kila mtu anajua. Na sisi hapa tukishakamua mafuta ya pamba, mashudu tunasaga chakula cha nani? Cha ng'ombe! Anabeba kidogo kidogo.

Nikaenda kwa meneja. Nilijiandaa kwa maswali. Clement hakuuliza hata moja. Kaandika barua palepale, Mboje asimame kazi wiki mbili. Upesi mno — mtu huyuhuyu huchukua siku nne kusaini ombi la mafagio. Nikamkumbusha na mipira ya upepo ya kompresa: kitabu kinasema miwili, stoo ninao mmoja. Akasema ule mwingine ulichanika Mei, akautupa. Sawa. Mabaki yake yako wapi?

Mboje alipita getini bila kuniangalia.

Ijumaa, 18 Julai 2025

Philomena wa kantini kanipa chai bila sukari, na sukari ipo mezani. Nikauliza kulikoni. Akafunguka. Ile Jumanne Mboje aliwaonyesha jikoni: kijiko kimoja cha vumbi ndani ya kopo, mshumaa unawaka humo humo, mfuniko juu, akapuliza kwa mrija kupitia tundu la chini. Mfuniko ukaruka ukagonga bati la paa. Kopo langu! Kisha akaenda kumwomba Clement kinu kisimame siku mbili, vumbi lote lishushwe taratibu. Philomena alikuwa anapeleka chai, alimsikia Clement akijibu, "Hiki ni chakula cha ng'ombe, Mboje. Chakula hakilipuki."

Ndiyo maana barua iliandikwa upesi. Clement alikuwa anangoja sababu, na mimi nikampelekea mkononi. Au Philomena anamkingia Mboje kifua? Ni watu wa ukoo mmoja. Huku kila mtu ni ndugu wa mtu, mgeni unabaki kukisia.

Jumapili, 20 Julai 2025

Baada ya ibada nikajaribu mwenyewe, uani. Nilikuwa na kikombe cha vumbi kutoka kiwandani. (Na mimi mwizi basi!) Nikaweka rundo kwenye tofali, nikaliwasha kwa kiberiti. Likafuka moshi, likazima. Nikacheka peke yangu: Mboje muongo.

Halafu nikachota kiganjani, nikalirusha juu ya jiko la mkaa.

Mungu wangu. Nyusi ya kushoto sina. Nimejimwagia ndoo nzima ya maji hadi jirani kaniuliza kama naoga uani. Kumbe likilala halina neno. Likiruka ndipo moto unapolidaka lote kwa pamoja. Na aliyelijua hilo nimemtoa mimi. Naona aibu, sijui niiweke wapi.

Jumatatu, 21 Julai 2025

Tangazo ubaoni: mkaguzi wa usalama anakuja Jumatano. Kesho saa nne kenchi zote zipulizwe kwa kompresa zing'ae. Kinu kisizimwe, mzigo wa Nyashimo unangojwa. Vumbi lote litaruka, na kinu chenyewe beringi inanuka kuungua tangu wiki jana! Usalama gani huu?

Nikamweleza Clement kila kitu. Akatazama nyusi yangu, akauliza kama siku hizi wanja unapakwa upande mmoja.

Nimempigia Mboje mara tatu. Hapokei. Apokee kwa nini? Jioni kaleta ujumbe, hata salamu hakuna — Msukuma bila salamu! "Mpira usitoke stoo. Kinu kizimwe kwanza."

Jumanne, 22 Julai 2025

Saa nne kasoro. Nimejifungia stoo, mpira nimeukalia. Naandika ili ijulikane.

Clement kagonga. "Dada Ikupa, toa mpira." Nikamjibu hautoki mpaka kinu kizimwe. Nikangoja matusi, nikangoja kufukuzwa kazi. Akasema, "Haya," bila hasira, akaondoka.

Haya? Clement? Upesi mno tena.

Philomena kapita dirishani. Nimemwomba awatoe nje wafungashaji walio kinuni, wako kumi na mmoja, aseme chai imeiva, aseme lolote. Kaenda mbio. Sijaona aliyetoka bado.

Kinu kinaunguruma.

Sasa na kompresa imewaka. Ya nini? Mpira ninao hapa, naushika kwa mkono —

Ule wa pili wa Mei, Clement hakuutupa. Ule "uliochanika".