Kadi ya Papa kwenye Jeep ya Ndoyi

Papa,

Jina lako linatembea mjini bila wewe. Usikasirike kwanza, ngoja nikuelezee vizuri.

Wiki moja baada ya kukuzika nilifungua gari lako nichukue kadi ya bluu, ile ya walemavu, ya kuegesha mbele ya ofisi. Ulinifundisha mwenyewe, mara ngapi sijui: "Kadi iko ya mutu, haiko ya mutuka. Mutu akikufa, kadi inarudia kwenye ilitoka." Donc nilitaka kuirudisha. Kwenye kioo, hapana kitu. Chini ya kiti, hapana kitu. Nikakaa pale mahali pako, mkono juu ya ile fimbo ya kukanyagia breki kwa mkono aliyokulehemea fundi wa Kapalata, nikaanza kuwapitia watu mmoja mmoja kichwani.

Nitakuwa mkweli, nilimpitia mtu mmoja tu. Tonton Saidi. Mdogo wako alilala ndani ya gari siku zote za matanga, kwa sababu nyumba ilijaa mashangazi na mikeka. Ufunguo ulikuwa kwake. Nilipomuuliza akasema, "Kadi gani tena, Zaina?" na akatazama pembeni. Hilo "tena" nikaondoka nalo. Kwa nini tena? Nani mwingine alishamuuliza?

Na ni wewe uliyenilea hivi, papa. Wewe hukuamini mtu. Unakumbuka siku bosi mmoja alipoingiza gari lake kwenye mistari yako ya bluu, ukamfungia kwa nyuma na lako, ukakaa ndani unakula makemba, ndizi zako za kukaanga, mpaka saa sita? Nilikuwa kwenye kiti cha pembeni, na sare ya shule. Ukaniambia, "Angalia viatu, usiangalie sura." Ulisema kiatu cha mlemavu wa kweli kimelika upande mmoja. Bosi alipotoka anapiga kelele, ukamwambia, "Toa mguu, nione!" Polisi wa barabarani walicheka mpaka wakasahau kumwandikia faini. Niliona haya, na nilikupenda sana siku ile.

Bon. Nilienda kwenye ofisi iliyokupa kadi, niwaambie imepotea. Karani alinisikiliza kwa heshima, akatoa fomu, akasema mwenye kadi aje mwenyewe aweke sahihi. Nikamwambia mwenye kadi amekufa. Akasema ndiyo, ameelewa, pole sana mama, lakini fomu inamtaka mwenyewe. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Kisha nikakaa kwenye ngazi, zile ulizokuwa unapanda kwa makalio, nikalia.

Siku chache baadaye nikaiona. Jeep nyeusi, vioo vyeusi, imekaa sawasawa ndani ya nafasi yako, na kwenye kioo cha mbele kadi yako. Imeandikwa: Asani Ramazani, mlemavu wa miguu. Picha yako ilishaliwa na jua zamani, limebaki doa jeupe lenye masikio. Mlinzi wa parking, yule yule uliyekuwa unamgombeza, akanituliza: "Iko ndoyi yake, mama. Alituonyesha kitambulisho." Ndoyi wako. Mtu anayebeba jina lako. Na hapa kwetu, mtu akishasema ndoyi, nani atauliza kitu kingine? Hata sheria ilishusha mikono. Mimi nikajisemea, bila shaka Tonton ndiye aliyemtafuta mtu mwenye jina linalofanana, akampa.

Na Mama Feza, papa, mlemavu mwenzako mwenye kadi yake mwenyewe. Ulimwachia nafasi ile kwa mdomo wako, kitandani, unakumbuka? Sasa alikuwa anaacha pikipiki yake ya magurudumu matatu ng'ambo ya barabara, kwa watu wa kuchaji simu, anavuka na magongo katikati ya pikipiki za abiria. Siku ya mvua gongo likateleza. Amevunjika kiganja cha kulia. Mtu wa magongo bila kiganja anatembeaje? Nilimkuta hospitali, ananiuliza mimi kama umekasirika.

Ndiyo maana siku ya arobaini yako sikuvumilia. Sheikh amemaliza dua, sahani za wali zinapita, mimi nikasimama. Nikasema mbele ya wote kwamba Tonton Saidi ametoa jina la marehemu kama mtu anavyotoa nguo kuukuu. Tonton aliweka sahani yake chini polepole. Alisema neno moja tu: "Huyu marehemu nilimubeba mugongoni miaka yote ya masomo." Akachukua kofia yake, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Mimi niliona hicho ndicho kiburi cha mwizi.

Jumatatu nikaenda kuivizia ile jeep kama ulivyokuwa unafanya. Nilisimama mbele ya bumper. Akaja mwanaume mwembamba, mpole, na mimi macho chini: viatu vimelika sawasawa, kulia na kushoto. Nikafungua kinywa nimtukane. Akanitangulia. "Mama Zaina, si ni wewe ulinipa?"

Hapo ndipo nilipomtambua. Ndoyi wako wa Bafwasende. Alikuja kwenye matanga na pikipiki, matope mpaka magotini, ndiyo maana kwenye jeep sikumfikiria yeye. Na mimi, kwa mikono yangu hii, nilimvika koti lako la kijivu mbele ya watu wote, kama mlivyomvika ndoyi wa babu, jina lisibaki uchi. Wamama walilia. Kadi ilikuwa kwenye mfuko wa ndani. Usiku hukuiacha kwenye kioo, kwa sababu hukuamini hata gari lililofungwa! Wewe uliificha, mimi nikaitoa, na mwizi tukamtafuta kwingine.

Anasema alifikiri familia imemwachia koti pamoja na nafasi. Simwamini, papa. Mtu mzima wa miguu miwili anasoma "mlemavu wa miguu" kila asubuhi, anaiweka kwenye kioo, anashuka anatembea zake? Na aliirudisha haraka mno, hata sikumaliza kuongea. Mlinzi naye nina mashaka naye, na karani pia, nina mashaka na nusu ya mji huu. Kadi nimerudi nayo kwa karani, nikaiweka juu ya fomu yake, nikamwambia sahihi atakwenda kuichukua mwenyewe makaburini. Ameipokea. Nimedai karatasi yenye muhuri kwamba ameipokea. Jana nafasi ilikuwa tupu mpaka saa nne, kisha Mama Feza akaingia na pikipiki yake, mdogo wake anaendesha, yeye mkono wenye plasta umening'inizwa shingoni.

Hayo yote yamenyooka. Ya Tonton Saidi ndiyo hayajanyooka.

Nimepita mbele ya parcelle yake, pale nyumbani kwake, mara mbili. Nilisikia redio yake, nilimsikia akikohoa kile kikohozi chenu cha familia, nikaendelea kutembea. Nilijiambia labda bado anaficha kitu kingine. Aibu yangu inatafuta sababu, papa, unaona? Wote wanasema nitume mzee atangulie kuniombea msamaha. Sitamtuma mtu. Nilimwita mwizi kwa mdomo wangu.

Nakuahidi hivi. Kesho asubuhi nitakwenda mwenyewe, na mashangazi wale wale walioketi pale siku ya arobaini watakuja nyuma yangu wasikie. Nitasema nilikosa, nitasema ni mimi niliyetoa koti. Najua anaweza kukataa kunifungulia, na atakuwa na haki.

Lala salama, papa yangu mkali. Leo nimeanza na wewe, kwa sababu wewe huwezi kunifungia mlango.

Zaina wako