Kipimo Kinachosifia Mtandao Uliokatika

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, ila nitangulize neno moja tusije tukapotezeana muda: sikuandika ili uniambie niombe radhi, radhi nimeshaambiwa niombe na watu wa kutosha hapa nyumbani, na sitaomba.

Mimi ni mke wa mtu na mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi katika duka la kutoa nakala na kupiga chapa, na kwa mwaka huu wote, wateja wakipungua, nimekuwa najifunza kuandika programu za kompyuta kwa masomo ya bure ya mtandaoni, peke yangu, nakosea narudia, nakosea narudia, na usinione najisifu nikikwambia kwamba siku programu yangu ya kwanza ilipoandika "habari" kwenye skrini nilirudisha mlango wa duka nikacheza. Kompyuta ninayojifunzia alinipa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alipopata nyingine mpya, na hilo nalisema mapema kwa sababu ndiyo fimbo ninayochapwa nayo sasa.

Shemeji huyu ndiye anayeuza intaneti katika jengo letu, amevuta laini moja kutoka kwenye kampuni, ameiingiza kwenye kisanduku pale chini ya ngazi, kisha anaigawa kwa waya kwa wapangaji wa ghorofa zote, na anayepanda na waya hizo kutoboa kuta na kufunga ni mume wangu, kwa hiyo hata chakula chetu kinapita humo humo. Wapangaji walikuwa wanalalamika kwamba jioni mtandao unajikokota, naye shemeji anawajibu kwamba simu zao ndizo mbovu, nami nikaona hapa ndipo pa kujifunzia kazi, nikaamua kutengeneza kipimo cha kasi ya intaneti, ukurasa mdogo tu wenye kitufe kimoja, ukikibonyeza simu yako inavuta picha moja kubwa kutoka mtandaoni, programu inaangalia imechukua muda gani, inapiga hesabu, inakuandikia kasi yako.

Sasa sikia nilivyofanya. Kila nilipojaribu, mara ya kwanza kasi ilikuwa ndogo, mara ya pili inaruka juu ajabu, na mimi kwa akili yangu ya mwanafunzi nikasema labda ni kama pasi, lazima ishike moto kwanza, basi juu ya kitufe nikaandika kwa herufi nene: "Bonyeza mara mbili upate jibu la uhakika." Shemeji alipobonyeza mara mbili akaiona ile namba alinyanyuka kwenye kiti, akanisifu mbele ya mama mkwe, akachapisha anwani ya ukurasa wangu na kuibandika kila ghorofa, na mpangaji akija kulalamika anaambiwa, "Nenda kwenye kipimo cha shemeji yangu, bonyeza mara mbili, halafu urudi tuongee," na hakuna aliyerudi. Wakaanza kumwita Mzee wa Kasi. Sitakuficha, nilivimba kichwa, maana mama mkwe ambaye tangu niolewe ananiita "huyu" alianza kuniita "mwanangu".

Juu yetu anaishi mwalimu wa hesabu, mama mtu mzima anayefundisha wanafunzi wake kwa video akiwa chumbani kwake. Masomo yalikuwa yanakatika katikati, uso unaganda, sauti inakuja vipande vipande, akaenda kulalamika, akabonyeza mara mbili kama alivyoelekezwa, akakubali kwamba kweli simu yake ndiyo mbovu, akanunua nyingine na ile ya zamani akampa fundi simu akatoe vipuri. Siku moja mchana akashuka kwangu na hiyo mpya mkononi, akasema, "Mwanangu, wewe ndiye mtaalamu, hebu niangalizie, au na hii nayo ni mbovu? Wanafunzi wengine wameshaniacha, wazazi wanasema nababaisha." Simu yenyewe haikuwa na bando, inategemea mtandao wa jengo tu. Nikafungua ukurasa wangu humo, nikabonyeza mara ya kwanza, na kabla sijabonyeza ya pili umeme ukakatika jengo zima, feni ikasimama, redio ya jirani ikanyamaza, kisanduku cha mtandao kule chini bila shaka kimekufa, na kidole changu kikawa kimeshashuka, na kile kipimo, mshauri, bila hata aibu, kikaandika kasi kubwa kuliko siku zote. Mtandao haupo, nacho kinausifia.

Mwalimu hakuona, alikuwa ameinama anatafuta miwani kwenye mkoba. Nikamwambia, "Niachie kwanza, mwalimu, nitaliangalia," akapanda zake juu huku ananishukuru.

Nilipotafuta kosa nililipata. Simu ikishavuta ile picha mara moja inaiweka akiba, ukibonyeza tena haiendi mtandaoni hata kidogo, inaitoa pale pale ilipoiweka na kukuonyesha, kwa hiyo siku zote hizo nilikuwa sipimi intaneti, nilikuwa napima simu inavyotoa kitu mfukoni mwake. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja, kila ukibonyeza, anwani ya picha inaongezewa namba mpya mwishoni, simu inadhani haijawahi kuiona, inalazimika kutoka kwenda kuileta. Nikapima upya. Asubuhi afadhali. Jioni, wapangaji wakisharudi wote, ni aibu tupu, somo la video haliwezi kupita pale.

Wa kwanza kumwambia alikuwa mume wangu, naye hakushangaa, alisema tu, "Shusha sauti." Nilipokwenda kwa shemeji ndipo moto ulipowaka.

"Shemeji, kwani si kinafanya kazi? Kiache hivyo hivyo," alisema.

"Hakifanyi kazi. Kinasema uongo."

"Uongo gani na namba inatoka kwenye kompyuta?" Kisha akaona sitikisiki, akalainisha sauti. "Haya, weka hicho kipya, lakini jibu ulizidishe kidogo. Zidisha kwa tano, nani atajua?"

"Nikizidisha hicho si kipimo tena, shemeji. Hizo ni salamu."

Hapo tabasamu lilimwisha. Akasema kompyuta ni yake, na nikiugusa ule ukurasa niirudishe, na mume wangu naye akatafute kwingine pa kuvuta waya. Mama mkwe amerudi kwenye "huyu", anasema huyu anataka kutenganisha watoto wa tumbo moja kwa ajili ya namba. Jumapili kuna kikao cha familia, wanataka nikae katikati niombe radhi na kuahidi kwamba kipimo cha zamani kitabaki kama kilivyo.

Hakitabaki. Ni kitu cha kwanza nilichotengeneza kwa kichwa changu katika maisha yangu, na hata wakinikalisha kikao mpaka kesho yake siwezi kukiacha kiseme uongo kwa sababu uongo wake unampendeza mtu. Kipya kiko tayari, kimebaki kukipandisha mtandaoni tu. Ninachouliza ni hiki: nikipandishe kabla ya Jumapili wakikute, au niende kikaoni kwanza niwaambie usoni? Na mume wangu, ambaye yuko katikati na hasemi kitu, nimfanyeje?

Ni mimi,
Fundi Anayejifunza

MSHAURI ANAJIBU

Fundi,

Nilicheka kwenye ile pasi, nikacheka tena umeme ulipokatika, halafu kuna mahali niliacha kucheka. Hapo nitapafikia, usidhani nimepasahau.

Kwanza nikupe unachostahili. Huna radhi ya kumwomba shemeji yako. Alipokuwa anabandika ile karatasi kila ghorofa alikuwa hajui, hilo namsamehe. Ila siku aliyokwambia uzidishe kwa tano alikuwa anajua vizuri sana, na kuanzia hapo haudhiki kwa sababu umekosea, anaudhika kwa sababu umesahihisha. Ukikaa katikati ya kikao ukaomba radhi kwa kusahihisha kazi yako, ujue kila programu utakayoandika baada ya hapo itakuwa inapita kwanza kwake apige muhuri. Usiombe.

Lakini wewe mama, unakwenda vitani na silaha ya adui kwapani. Kompyuta ni yake na amekukumbusha, basi usingoje akukumbushe tena mbele ya mama mkwe. Hamisha kazi zako, futa yaliyo yako, ipanguse vumbi, ikunje na waya wake, umpelekee kabla ya Jumapili kwa mikono miwili na umshukuru, maana alikusaidia kweli. Utaumia, najua. Unafanya kazi kwenye duka lenye kompyuta, nenda kaongee na mwenye duka akuruhusu uitumie wakati hakuna wateja, na ukibaki na simu tu kwa muda, baki nayo. Wewe ulijifunza peke yako kwa kukosea na kurudia, hukufundishwa na plastiki ile.

Sasa mumeo. Unasema yuko katikati na hasemi kitu, kumbe kasema, hukumsikia. Mtu anayesikia habari mpya husema "haiwezekani" au "hebu nione". Yeye alisema "shusha sauti". Huyo ndiye aliyefunga waya zote, anajua nyumba ngapi zinaning'inia kwenye laini ile moja, na alijua kabla hujaandika hata kitufe. Sina hakika alinyamaza kwa woga au kwa heshima ya kaka, wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja. Mtoe nje ya nyumba hiyo yenye masikio mengi, tembeeni, umuulize kwa upole nini kingetibu tatizo, kwa sababu nadhani anajua na hilo pia. Kisha umwambie utakachofanya na siku utakayokifanya. Humwombi ruhusa, unamheshimu asisikie kwa watu. Sitakudanganya kwamba shemeji hatamfukuza, anaweza kumfukuza. Ila Mzee wa Kasi hapandi ngazi, na hajui waya upi unaingia kwa nani, kwa hiyo afikirie vizuri naye.

Na sasa pale nilipoacha kucheka.

Umeniandikia alichosema shemeji, umeniandikia alichosema mama mkwe, mpaka maneno mawili ya mumeo umeniwekea. Nimeisoma barua yako tena kutafuta mahali ulipomwambia mwalimu. Sijapaona. Ulimwambia "niachie, nitaliangalia", akapanda ngazi anakushukuru, na mpaka unaandika barua hii yule mama yuko juu ya dari yako anaamini amenunua simu mbovu ya pili. Familia nzima inajua ukweli, mimi nisiyekujua najua ukweli, na hao wanaosoma ukurasa huu sasa wanajua. Aliyeumia ndiye pekee asiyejua.

Kubandika alibandika shemeji. Lakini "bonyeza mara mbili upate jibu la uhakika" ni maneno yako, fundi, na uliyaandika kwa herufi nene bila kujua kwa nini mara ya pili ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Kutojua si dhambi, unajifunza. Ila uliona namba mbili zinazogombana, ukachagua ile inayopendeza, kisha ukawafundisha watu wengine waichague. Ndivyo alivyofanya shemeji nawe sasa umemkasirikia. Ukali wako wote umeuelekeza kwake kwa sababu ana kosa kubwa kuliko lako, na ukisimama karibu naye lako halionekani.

Uliniambia nisikwambie uombe radhi. Nakwambia. Umekataa kumwomba asiyestahili, umefanya vizuri, sasa nenda kwa anayestahili.

Uliniuliza kipi kianze, basi fanya hivi. Leo, kabla ya mume, kabla ya ukurasa, panda kwa mwalimu. Mwambie simu yake ya kwanza haikuwa na tatizo wala hii haina, mwambie kipimo chako kilikosea na kilikosea vipi, muelezee kwa maneno ya kawaida kama ulivyonieleza mimi, yeye ni mwalimu wa hesabu ataelewa haraka kuliko unavyodhani. Mwambie asubuhi ndiyo afadhali. Umwandikie maelezo mafupi kwa jina lako halisi, awaonyeshe wazazi wa wanafunzi waliomwacha, wajue aliyebabaisha hakuwa yeye. Anaweza kukufokea. Mwache afoke, usimtaje shemeji hata mara moja kujitetea.

Ukishuka hapo ongea na mumeo. Kisha pandisha kipimo kipya, na juu ya kitufe, kwa herufi nene zile zile, andika kwamba cha zamani kilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa la mtengenezaji. Usiandike neno juu ya mwenye mtandao, kipimo kimpime, kisimtukane. Jumapili nenda kikaoni umevaa vizuri, uwasalimie wote, ukae walipokuwekea kiti. Watakuta hakuna cha kukuomba, maana kompyuta umerudisha, ukweli umeshatoka na mwalimu ameshajua. Wakitaka kuongea habari ya kuongeza laini ya pili, hapo ongea nao mpaka watu wachoke.

Hiyo Jumapili unayoiogopa, nakuhakikishia, ni nyepesi kuliko zile ngazi za kwenda juu. Ndiyo maana mpaka leo hujazipanda. Ukifika mlangoni kwa mwalimu usisimame pale ukipanga maneno, gonga. Mara moja inatosha.