Mkono Wangu wa Kushoto Siku ya Bastille

Richfield, Minnesota,
Marekani.
16 Julai, 1998.

Mwalimu Naftali,
Tukuyu, Tanzania.

Mpendwa Baba yangu mdogo,

Shikamoo, Baba. Shikamoo tena. Ya kwanza ni ya adabu, ya pili ni ya furaha niliyo nayo, na ukifika mwisho wa barua hii utaona kwa nini moja isingetosha.

Je, goti limepoa? Najua Julai Tukuyu ni baridi na ukungu, na goti lako na ukungu hawajawahi kupatana. Vaa zile soksi ndefu nilizompa Imelda akuletee, usizifungie sandukuni kama ulivyolifungia lile sweta. Mama mdogo Dinah naye, presha yake vipi? Mwambie apunguze chumvi, na akibisha mwambie ni mimi niliyesema, tugombane kwa barua. Sisi huku tu wazima. Irene ametimiza miaka tisa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, hata ukimgombeza. Na joto la mwezi huu ni la kunata, usidhani Minnesota ni theluji mwaka mzima.

Jumapili najua redio yako haikupumzika. Ufaransa bingwa wa dunia! Mpishi wetu mkuu kazini, Francis, ni Mfaransa wa kuzaliwa. Jumatatu alikuja hana sauti hata kidogo, anaongea kwa mikono, na kila aliyepita jikoni alipigwa busu mashavu yote mawili, mimi na sabuni zangu tukiwemo. Siku iliyofuata ikawa tarehe kumi na nne Julai, sikukuu yao ya taifa. Sasa kaa vizuri kwenye kiti, Baba, maana habari yenyewe ndiyo hii.

Unakumbuka ulivyotufundisha Bastille, kidato cha pili? Ulilichora lile gereza kwa chaki ubao mzima, na minara yake minane, halafu ukatuambia kwamba watu wa Paris walipolivunja mwaka 1789 walikuta wafungwa saba tu. Nikanyoosha mkono nikauliza, sasa wanasherehekea nini, watu saba? Darasa likacheka. Wewe hukucheka. Ulisema hawakushangilia wale saba, walishangilia kujua kwamba lango lile linavunjika. Nililiandika kwenye daftari kwa sababu ulikuwa mkali na ungeliuliza kwenye mtihani. Kulielewa nimelielewa juzi.

Nimeosha vyombo katika mkahawa huu wa Kifaransa, kule mjini Saint Paul, miaka minne sasa. Chumba cha kuoshea hakina dirisha, na mikono yangu imechubuka kwa sabuni kiasi kwamba nikimsuka Irene ananiambia nisimguse. Kwa miaka yote hiyo nimemwomba meneja, Bwana Cyrus, anipeleke mbele nikahudumie meza. Mara ya kwanza alisema Kiingereza changu kizito. Nikaenda darasa la Kiingereza mwaka mzima. Mara ya pili akasema nafasi hakuna, na wiki iliyofuata akamwajiri binti asiyejua hata uma unakaa upande gani. Nilinyamaza, Baba. Mimi Pamela, nilinyamaza!

Mara ya tatu ilikuwa Juni. Cyrus akaniambia mbele ya jiko zima kwamba kuhudumia ni ustadi, na si kila mtu amezaliwa nao. Loo! Mimi niliyehudumia meza za hosteli ya kanisa miaka mitatu, maaskofu wakala wakashiba wakashukuru! Nilikasirika mpaka Kiingereza chote nilichokisomea kikanitoka. Francis ndiye aliyeweka kisu chini akasema, kama ni ustadi basi tuupime, huyu mama aingie kwenye mashindano ya tarehe kumi na nne. Cyrus akacheka. Akasema, haya, akiwashinda wahudumu wangu nitamfunga aproni kwa mikono yangu mwenyewe, ila akimwaga, asiniulize tena. Watu kumi na mmoja walisikia. Niliwahesabu.

Mashindano yenyewe ni desturi ya Wafaransa, na huku wanayafanya kwenye sherehe yao ya mtaani. Wahudumu wa mikahawa wanavaa kikazi, kila mmoja anabeba sinia kwa mkono mmoja, na juu yake chupa iliyofunguliwa na glasi iliyojaa juisi ya zabibu hadi ukingoni. Mnazunguka mtaa mara mbili. Kukimbia marufuku, ni kutembea haraka tu. Mkono wa pili nao marufuku. Mwisho kuna meza, amekaa mwamuzi, unamkabidhi glasi yake naye anaangalia kama umepunguza.

Nilifanya mazoezi wiki tatu kwenye uwanja wa kuegesha magari hapa Richfield, ndege zinapita juu ya kichwa. Siku ya kwanza, utacheka, nilijaza glasi, nikainua sinia, nikaliweka kichwani! Nilishatembea hatua kumi ndipo nikakumbuka. Irene alikimbia kujificha kwa aibu. Jirani yangu Kemunto, yule Mkenya wa Kisii niliyewahi kukuandikia, anafanya kazi hospitalini Coon Rapids, alicheka mpaka akakaa chini kwenye lami. Lakini kichwa kilinikumbusha kitu. Tukipandisha maji kutoka chemchemi, nani aliwahi kuangalia ndoo yake? Macho yako mbele, shingo na kiuno vinajua kazi yao. Nikaanza kutembea hivyo hivyo, sinia mkononi, bila kulitazama. Kuanzia hapo sikumwaga tena.

Siku ikafika. Mtaa umefungwa, bendera kila dirisha, kinanda cha mkono kinalia, watoto wamepakwa rangi mashavuni. Irene akaniuliza kama hii si sikukuu ileile ya uhuru wa Marekani ya tarehe nne, maana rangi ni zilezile. Nikamwambia hapana, kila taifa lina lango lake.

Kabla ya kuanza, mwamuzi alisimama kusema. Ni bibi wa Kifaransa, mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, amekuja nchi hii baada ya vita kuu kwa kuolewa na askari wa Kimarekani. Alisema alipokuwa msichana Wajerumani waliitawala Paris na sikukuu hii ilipigwa marufuku, mama yake akaishona bendera ndani ya godoro. Miaka minne walilala juu yake. Akasema pia jambo ambalo hukutufundisha, Baba, kwa hiyo leo mwanafunzi anamfundisha mwalimu: ufunguo mmoja wa Bastille uliletwa huku Marekani kama zawadi kwa rais wao wa kwanza, na mpaka leo umetundikwa nyumbani kwake. Nilitamani ungekuwepo uusikie.

Tulikuwa ishirini na mmoja. Wahudumu wetu walikuwa watatu, vijana warefu wenye miguu ya korongo, na Cyrus amesimama nao anawapigapiga mabegani. Mimi nilikuwa na suruali nyeusi ya kuazima na aproni ya kuoshea vyombo. Firimbi ikalia, wakanipita wote. Wote! Nikawa wa mwisho. Nilimsikia Kemunto ng'ambo ya kamba akipaza sauti, "Pamela, usi-rush! Wewe tembea tu, mama, tembea!" Nikatembea.

Kwenye kona ya pili nyaya za spika za bendi zilikuwa zimelala barabarani. Waliokuwa wanatazama glasi zao hawakuziona. Wawili wakajikwaa, chupa zikaenda, wa tatu akawakwepa akamwaga nusu. Mimi nilizivuka kama mizizi ya njia ya chemchemi. Mzunguko wa pili joto likaanza kuwala, mikono inatetemeka, mabega yanalegea, wanamwaga. Nilipita mmoja, nikapita wanne, nikaacha kuhesabu. Mkono ambao kila siku unainua masufuria ya Francis utatetemekea glasi moja? Thubutu! Zilipobaki hatua hamsini, mbele yangu alikuwa kijana mmoja tu, naye ndiye tegemeo la Cyrus. Aliponisikia akageuka kunitazama. Kosa hilo. Juisi ikamruka hadi kwenye shati jeupe, nami nikapita.

Nikafika mezani wa kwanza. Nikatua sinia, nikachukua glasi imejaa pomoni, nikamkabidhi yule bibi.

Sasa sikiliza, Baba. Nilimkabidhi kama ulivyonilea. Glasi mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, magoti yamekunjwa kidogo. Sikufikiri. Ni mtu mzima, ana mvi, ningempaje kwa mkono mmoja kama namtupia?

Hapo hapo nikasikia sauti ya Cyrus nyuma yangu: "Ametumia mikono miwili! Aondolewe!" Hata kinanda kilikoma. Niliutazama mkono wangu wa kushoto bado uko kwenye kiwiko. Miaka minne, wiki tatu, mizunguko miwili, halafu adabu yangu mwenyewe ndiyo iniponze! Nilimwona Irene kwenye kamba amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Yule bibi hakunywa. Akaniuliza taratibu kwa nini nimeshika pale. Kiingereza kikanikimbia tena, kikarudi kidogo kidogo. Nikamwambia kwetu mzee hapewi kitu kwa mkono mmoja, mkono wa pili ni wa kumwambia kwamba nimekuja kwake mzima mzima, sijabakiza kitu nyuma.

Akavaa miwani. Akaomba karatasi ya kanuni, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote: mkono wa pili usiguse sinia, chupa wala glasi. Akaikunja. Akamgeukia Cyrus, akamuuliza, "Bwana, kwani kiwiko chake ni glasi?"

Baba! Mtaa ulilipuka! Francis alirudiwa na sauti yake papo hapo, akapiga yowe ambalo nadhani mlilisikia Tukuyu. Kemunto aliruka kamba akinipigia vigelegele, "Umewa-beat wote! Wote!" Yule bibi akainua glasi ile, akainywa yote bila kuitua, kisha akasema kwenye kipaza sauti kwamba yuko nchi hii zaidi ya miaka hamsini, amehudumiwa kwenye mikahawa mingapi hajui, na hajawahi kupewa glasi namna ile. Mtu aliyesema sijui kuhudumia alikuwa hatua tatu kutoka hapo, na masikio yamemwiva. Mdharau mwiba mguu huota tende, na huu wa kwake sasa hauingii kiatuni.

Sikumwacha apumue. Nilimwendea, nikavua ile aproni ya kuoshea vyombo, nikamwekea mkononi, nikageuka nikampa mgongo nisubiri. Wale mashahidi kumi na mmoja wakaanza kupiga makofi kwa mpigo. Cyrus akapokea aproni nyeupe kwa Francis, akaifunga kiunoni mwangu, vidole vinamkatalia, akarudia fundo mara mbili. Sikumsaidia ng'o.

Jana ilikuwa siku yangu ya kwanza mbele. Kule kuna madirisha makubwa, Baba, unaona mtaa mzima na watu wanavyopita. Yule bibi alikuja mchana na wenzake wanne, akakataa meza ya mtu mwingine yeyote. Niliwapa supu kama nilivyompa glasi. Wahudumu wawili wamekwisha kuniomba niwafundishe kushika kiwiko. Nimewaambia nitawafundisha, lakini mwalimu wangu alikuwa mkali, nao wajiandae.

Maana kuna siku moja sijawahi kukuambia jinsi ilivyoniuma. Nilikuwa na umri huu wa Irene, hata mwaka haujaisha tangu mnichukue nyumbani kwenu baada ya msiba wa wazazi wangu. Mchungaji amekuja, nikamletea chai kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili ulikuwa na andazi. Ukanirudisha jikoni. Nikarudi, nimesahau tena, ukanirudisha. Mara ya tatu chai imepoa, mchungaji mwenyewe anakusihi, na wewe umekaza uso kama jiwe la kusagia. Nililia nyuma ya nyumba mpaka jioni. Nilijiambia unanifanyia hivi kwa sababu mimi si mtoto wako wa kuzaa. Nililiweka moyoni hilo, Baba, miaka ishirini na mitano, na nimevuka nalo bahari.

Juzi nimelitua. Ungekuwa umenichukulia kama mgeni, ungeipokea ile chai ya kwanza na kunyamaza.

Msalimie sana Mama mdogo Dinah, na chumvi yake. Msalimie Gwakisa, mwambie akaze masomo, na Imelda nitamwandikia mwenyewe. Irene anakuamkia, na shikamoo hii ameitamka kwa Kiswahili, nimemsimamia. Mungu aliyewapa mkono wa kunirudisha jikoni awape na miaka ya kula matunda yake.

Nimeweka picha ndani ya bahasha, aliipiga Kemunto pale mezani. Nyuma utaona bendera, utaona umati, utaona Cyrus amefungua mdomo. Hao waache. Vaa miwani, uangalie mkono wangu wa kushoto uko wapi. Halafu mwonyeshe mchungaji, umwambie ile chai imefika.

Ndaga fijo, asante sana, Baba.

Ni mimi mwanao, nikupendaye bila kubakiza,
Pamela