Mruko wa Sekunde Tisini

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mwalimu kaingia ofisini anaimba! Jumatatu ni mhadhara wake wa kuagwa. Miaka thelathini na minane kazini, na hatimaye ana kitu chake: sumaku ya dunia huruka kidogo, sekunde tisini kabla ya satelaiti yetu kuziona zile taa za rangi zinazowaka angani kwenye ncha za dunia. Mruko huo tumeupata mara mia mbili na kumi. Kaniambia bila jedwali langu wangekuwa wanapapasa tu. Ni jedwali la masahihisho, linaloondoa usumaku wa satelaiti yenyewe ili ubaki wa dunia. Nililitengeneza mwaka wangu wa kwanza hapa. Nimevimba kichwa siku nzima.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa umeme alipita kuomba sukari. Akaitazama grafu, akauliza hivi ile hita ya kuipasha satelaiti joto inawaka saa ngapi? Nikamcheka. Inawaka satelaiti ikiingia kwenye kivuli cha dunia, basi. Akaondoka na sukari, swali kaniachia mimi.

Nimepanga saa za hita kando ya miruko. Zinalingana. Zote!! Tunaingia kivulini, hita inawaka, sekunde tisini baadaye tuko juu ya ncha yenye giza na taa zake. Nimefungua jedwali. Mstari wa hita — nilijumlisha mahali pa kutoa. Kosa la darasa la pili! Badala ya kuufuta usumaku wa hita, nimeuongeza maradufu; mruko ni wa hita yetu, si wa dunia. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nimeishona mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Sijasema. Jana nilimkuta anafanya mazoezi ya mhadhara mbele ya mkewe, nikarudi. Leo nimefika mlangoni kwake nikaomba stepla. Stepla! Ninazo mbili.

Dada kwenye simu: mwambie, atanuna siku mbili, yataisha. Haelewi. Siogopi hasira. Yule mzee atanipa pole mimi, kisha atakwenda kukaa nyumbani mikono mitupu. Naona aibu.

Jumatatu, 10 Machi

Ukumbi umefurika. Niko safu ya pili, daftari magotini, mikono ipate kazi. Asubuhi nilimdaka kwenye ngazi. "Mwalimu, lile jedwali —" Kanishika bega: baadaye, mwanangu, leo hata tai nimefungiwa.

Ameuonyesha mruko. Makofi. Mkewe analia.

Sasa maswali. Mama mmoja nyuma, sauti kavu: mnajuaje kwamba si satelaiti yenyewe? Mwalimu hakutetereka hata kidogo, katabasamu. Kasema aliyelishughulikia hilo yumo humu humu, mumuulize mwenyewe. Kaninyooshea mkono. Wote wamegeuka. Maikrofoni inapitishwa, imefika kwa jirani yangu, ananigusa kiwiko. Bado naandika — wanadhani napanga jibu.