Soksi Ndefu za Aya

Nasim shoga yangu, hebu sikia haya.

Nimeenda shuleni kumchukua Aya, nikamkuta anatambaa kwenye ngazi za darasa. Kiti chake cha magurudumu wamekiacha chini uani!

Na ile njia ya mteremko aliyojengewa? Mwalimu mkuu anaegesha pikipiki yake hapo, eti ndipo penye kivuli.

Namuuliza, ananijibu: "Mama Aya, si darasani anafika lakini?"

Anafika! Kwa magoti! Yamechubuka yote, Nasim.

Halafu ananivuta pembeni, kanywea, ananong'ona: "Kesho wafadhili wanakuja kuiona njia. Mlete mapema, tena mvalishe soksi ndefu."

Soksi ndefu! Huyu mtu ana haya kweli?

Namleta. Gauni fupi, magoti nje, na nitasimama naye palepale penye pikipiki.