Khocha, Jicho Langu Lilinikataza Kukuzika

Khocha,

Usikasirike bado, mjomba, sikiliza. Najua siku ya mazishi ulinitafuta, hukuniona. Watu wote wa kijijini kwako Kwanza, huko Kitale, walikuja kutupa udongo, hata wale uliowajengea choo wakakutukana. Mimi Simiyu, mpwa wako wa pekee, fundi namba mbili Trans-Nzoia nzima (namba moja ulikuwa wewe, sasa nimepanda cheo), nilikuwa Bungoma kwa mama, nimelala kifudifudi kama mtu anatafuta sindano chini ya kitanda.

Hukujua, maana uliondoka ghafla. Retina ya jicho la kulia, ile ngozi nyembamba ya nyuma, ilibanduka kama plasta kwa ukuta wenye unyevu. Niliona vimulimuli, halafu pazia jeusi likashuka upande mmoja. Daktari akanipasua, akairudisha, akajaza gesi ndani ya jicho iishikilie, akasema nilale uso chini. Nikamwambia mjomba amekufa, tunazika huko juu, Kitale.

Akasema, "Gesi hufura ukipanda juu. Ukienda nayo Kitale, jicho linaweza kufa. Chagua."

Nikachagua jicho. Nasema wazi, sijutii. Wewe ulishakufa, bana, jicho lilikuwa bado linapumua. Lakini nililia, Khocha. Uso ukiwa chini hivyo, machozi yanaenda moja kwa moja kwa sakafu, hata shavu hayagusi.

Sasa mke wako, Mama Nekesa, anatangaza kila mahali, "Simiyu alikataa kumzika mjomba wake kwa sababu ya upepo kwa jicho!" Ati upepo!

Gesi iliisha polepole. Nilikuwa naiona ikicheza chini kama lile povu la pima maji, mpaka ikawa punje ya mtama, ikapotea. Daktari aliponiruhusu, nikapanda Kitale, moja kwa moja hadi kazini. Si unajua mdomo wangu. Nikaona ukuta anaojenga Barasa, yule fundi mwenzetu, umepinda katikati kama nyoka, nikapiga kelele, "Bomoa hiyo takataka!" Barasa akavuta kamba. Ukuta ulikuwa sawasawa. Jicho langu ndilo liliupinda. Walicheka mpaka mmoja akakalia karai la simiti. Saa hii wananiita Fundi wa Mawimbi.

Daktari anasema retina ikishabanduka hairudi haraka vile ilikuwa. Mistari itanyooka polepole, miezi mingi, na pengine mpindo kidogo utabaki. Ubaki. Nina kamba, nina pima maji, nina vidole. Rangi zimefifia upande huo, lakini jana nilisoma namba ya pikipiki kwa jicho hilo peke yake. Nusu ya namba. Lakini nilisoma!

Sasa maneno yenyewe. Kaburi lako bado ni udongo mtupu, na Mama Nekesa alikuwa amempa Barasa kazi ya kulijengea simiti. Barasa! Wewe mwenyewe ulisema huyo anachanganya simiti kama uji wa mgonjwa. Nikaenda kwa mama huyo, nikamwambia anipime. Akanionyesha ngazi ya jikoni iliyovunjika. Nikaijenga. Ilipokauka, akaweka juu yake karai la maji lililojaa mpaka mdomoni, akainama kuona kama maji yamelala sawa, akazunguka upande wa pili, akainama tena.

"Mh," akasema. "Utaanza Jumatatu. Na usikuje na mdomo wako."

Nitauacha wapi sasa?

Lala vizuri, Khocha. Nakuahidi hivi: pembe zote nitapima kwa kamba, na anayetaka kukagua aje akague. Lakini jina lako, Wafula, nitaliandika kwa msumari simiti ikiwa mbichi, nimefunga la kushoto lililo zima, natumia hili la kulia peke yake. Herufi zitapinda. Wacha zipinde. Wapita njia watajua Wafula alizikwa na mpwa wake.