Mbasa Wako Kwenye Filamu Yangu

Mama,

Ndaga. Filamu imekwisha. Jumapili wameiona wote hapa Ipyana, kwenye ukumbi wa kanisa, tumeziba madirisha kwa vitenge.

Walidhani wanakuja kuona mapishi. Na kweli, mwanzo mpaka mwisho ni mbasa wako wa mawese tu, yule samaki wa ziwani. Nilijaribu kuandika maisha yako nikashindwa, kila sentensi ilinitoka kama hotuba ya msibani. Nilipoanza kupika ndipo ulipokuja. Nakata nyanya nimesimama, naeleza kwa nini: kigoda kilikuwa cha Shangazi, dada yake baba, nawe hukuthubutu kukikalia. Napikia nje, mvua inaninyea, kwa sababu jiko la ndani ulikatazwa. Hayo ndiyo maisha yako, Mama, na sikuongeza chumvi.

Kila wageni walipofika, Shangazi alikupokonya chungu mlangoni akakiingiza yeye. Wakimsifu, anapokea shukrani, "Ndaga, ndaga." Wewe uko nje unasugua masufuria. Kwake ulikuwa kabila lako tu, "yule Mkisi", basi.

Aliposikia narekodi, alikuja amejipamba, akataka naye aonyeshe "mbasa wa ukoo wetu". Nikamkaribisha. Akachagua chungu kipya kabisa kutoka kwenu Matema, akapanga mbasa, akamimina mawese, akakibandika moja kwa moja kwenye moto mkali. Hakujua kwamba chungu kipya huchemshiwa kwanza maji ya pumba za mpunga. Mimi nilijua. Wewe ungemshika mkono. Mimi nilishika simu vizuri, nikasogea karibu.

Kilipasuka pande mbili, mbasa akaangukia majivuni. Shangazi hakuungua, namshukuru Mungu, ila alifoka, "Nani kanipa chungu kibovu?" Hilo nalo limo.

Ukumbini hakuna aliyecheka, na hilo lilinifurahisha kuliko kicheko. Bibi mmoja alisema kwa sauti, "Kumbe siku zote alikuwa anapika mke wa kaka yake!" Shangazi aliondoka kabla hatujapakua wali. Moyo wangu ulitulia, Mama. Nisamehe, lakini ulitulia.

Jana amekuja kunibembeleza: "Mwanangu, pale chungu kilipopasuka pakate." Nimemjibu nitapaondoa siku atakaposimama mbele ya watu walewale, ataje jina lako kamili na aseme nani alikuwa anapika. Kisha akaniuliza, polepole, jina lako la ubatizo ni lipi.

Miaka ishirini na mbili mliishi ua mmoja, Mama.

Sikumwambia. Nimemwambia limeandikwa kwenye msalaba wako kule Matema, ambako hakwenda kukuzika. Aende akalisome mwenyewe.

Pumzika, Mama. Nakuahidi, mpaka afike hapo ulipolala, sifuti hata sekunde moja.

Binti yako,
Tumpe